Mapato hupanda ngazi, mishahara hupanda kilima: hesabu ya miaka 10 kutoka Kisumu

Swali lililoanzisha hesabu hii liliulizwa na muuguzi mstaafu, ambaye sote tunamwita Sista, katika ukumbi wa kanisa mtaani Manyatta, Kisumu. Tulikuwa watu 11 tunaandaa maoni ya wadi kuhusu bajeti ya kaunti. Ombi la kwanza kwenye orodha lilikuwa wodi ya kujifungulia katika zahanati iliyo karibu nasi, na hakuna aliyelipinga. Sista alisikiliza mpaka tukamaliza, kisha akauliza: "Jengo nimelikubali. Lakini mwaka 2035, saa nane usiku, mama akifika na uchungu, mshahara wa yule muuguzi wa zamu utatoka wapi?"

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo macho yote yalinigeukia. Nilijibu kwamba nitahesabu. Nilipofika nyumbani na kufungua nyaraka za bajeti, nikaona kwa nini swali lake halikuwa na jibu lililoandikwa popote. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe waraka wa mkakati wa fedha katika bunge lake kufikia tarehe 28 Februari, na waraka huo hutazama mbele miaka michache tu. Mpango wa maendeleo wa kaunti ni wa miaka 5, sawa na muhula wa gavana. Ipo mipango ya sekta ya miaka 10, lakini mara nyingi ile husema tunataka nini, haisemi pesa zitatoka wapi mwaka wa saba. Muuguzi anaajiriwa akiwa na miaka 25 na anastaafu akiwa na 60. Kumwajiri ni ahadi ya miaka 35 inayofanywa kwa waraka usioona mbali ya miaka mitatu.

Na Katiba yenyewe imelitaja jambo hili. Ibara ya 201 inasema mizigo na manufaa ya matumizi ya fedha za umma yagawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Mtoto atakayezaliwa katika wodi ile mwaka 2035 ana haki katika bajeti ya leo.

Tulikubaliana tukutane Jumamosi nne mfululizo. Sikutaka kuanza na takwimu za Kisumu wala za kaunti nyingine yoyote, kwa kuwa nilijua mjadala ungegeuka kuwa wa gavana huyu na yule. Nilipendekeza tuchukue kaunti ya mfano yenye shilingi 100 tu, tuipe umbo ambalo sheria inaliruhusu, kisha tuisukume mbele mwaka baada ya mwaka. Mtu wa Siaya, Vihiga au Nakuru akitaka, ataweka tarakimu zake mwenyewe mahali pa zile za mfano.

Umbo lenyewe ni rahisi kulishika. Sheria inataka angalau 30% ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinaweka mishahara isizidi 35% ya mapato. Kwa hiyo katika shilingi 100 zetu, 35 ni mishahara, 30 ni maendeleo, yaani majengo, barabara na miradi mingine, na 35 zinazobaki ni dawa, mafuta ya ambulensi, umeme, karatasi, safari, matengenezo na mengine yote ya kila siku. Hiyo ni kaunti inayotii sheria barabara. Binti mmoja katika kikundi chetu, aliyesomea uchumi Chuo Kikuu cha Maseno, alisema tunaanza na mgonjwa mwenye afya njema kabisa. Ndivyo nilivyotaka. Kama mwenye afya ataugua katika miaka 10, basi tatizo liko kwenye mwendo wenyewe.

Tukaanza na mapato, na hapa ndipo tulipokaa Jumamosi mbili nzima.

Kaunti zetu 47 huishi hasa kwa mgao unaotoka Hazina ya Taifa. Mwaka 2013/14, ugatuzi ulipoanza, mgao wa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 190. Mwaka 2025/26 ulifika bilioni 415. Ukigawanya ukuaji huo kwa miaka 12 unapata wastani unaozidi kidogo 6.5% kwa mwaka, na mtu akisimama na tarakimu hiyo anaweza kukwambia mambo ni mazuri. Lakini wastani huo unabebwa na miaka minne ya mwanzo, wakati kaunti zilipokuwa zikipokea majukumu na mgao ukaruka kutoka 190 hadi 302 kufikia 2017/18. Anza kuhesabu kutoka 302, na wastani unashuka hadi karibu 4%. Tarakimu ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali ulipoanzia.

Binti wa Maseno ndiye aliyechora mgao huo kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Picha ile ilituonyesha kitu ambacho mimi, kwa miaka yangu yote ya vitabu vya hesabu, sikuwahi kukitazama vizuri. Kutoka 2017/18 hadi 2020/21 mstari ulikuwa karibu tambarare: bilioni 302, 314, 316.5, na 316.5 tena. Halafu mwaka 2021/22 ukaruka hadi 370, ongezeko la karibu 17% kwa mkupuo. Kisha ukalala tena: 370, 385.4, 387.4. Katika vipindi vyote viwili vya kulala, ongezeko lilikuwa kama 1.5% tu kwa mwaka. Halafu 2025/26 ukaruka tena hadi 415, safari hii kwa 7%.

"Hii ni ngazi," Mwalimu alisema. Yeye ndiye mwenyekiti wetu, mstaafu wa shule ya msingi. "Unakanyaga, unasimama, unakanyaga, unasimama."

Ngazi hizo zina sababu zake, na hakuna hata moja inayotokana na mahitaji ya wagonjwa. Seneti huamua kila baada ya miaka 5 msingi wa kugawana fedha kati ya kaunti. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa vikao vingi, wengine wakisema pesa zifuate watu, wengine wakisema kaunti zao zingepoteza. Walipatana Septemba, na mwafaka ulipatikana kwa sababu serikali kuu iliahidi kuongeza bilioni 53.5, ili fomula mpya ianze bila kaunti yoyote kunyang'anywa. Jumlisha 316.5 na 53.5, unapata 370. Ngazi ile ilikuwa bei ya amani ya kisiasa, na sioni ubaya wake, ila huwezi kuitabiri kwa kutazama mfumuko wa bei au idadi ya watu.

Kulala nako kunauma. Mwaka 2022 na 2023 bei zilipanda kwa zaidi ya 7% kwa wastani, huku mgao ukikaribia kusimama. Shilingi iliyofika kaunti ilinunua glavu na dizeli chache kila mwaka. Na hata kilichoandikwa kwenye sheria si lazima kifike. Kwa mwaka 2024/25 kaunti zilikuwa zimeshatengewa bilioni 400.1. Mswada wa Fedha wa 2024 ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni, serikali kuu ikapunguza matumizi, na mvutano wa Bunge la Taifa na Seneti ukaishia kwenye 387.4. Bilioni 12 na ushei ziliyeyuka wakati kaunti zilikwisha kupanga.

Kijana wa boda aliuliza kama hakuna sakafu ambayo pesa haziwezi kushuka chini yake. Ipo: Katiba inasema kaunti zisipate chini ya 15% ya mapato ya taifa. Lakini asilimia hiyo hupimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, na hesabu hizo hubaki nyuma miaka kadhaa. Mgao wa 385.4 wa mwaka 2023/24 ulipimwa kwa mapato ya 2019/20 na ukaonekana kuwa karibu robo nzima. Sakafu iko chini sana kiasi kwamba hata wakati mgumu hauigusi, kwa hiyo haimkingi mtu.

Jumamosi ya tatu tulihamia upande wa matumizi. Mishahara haina ngazi. Kila mwaka mfanyakazi hupata nyongeza yake, anapandishwa daraja akitimiza muda, na watu wapya wanahitajika kwa kuwa wakazi wanaongezeka. Kisumu ilikuwa na watu 968,909 katika sensa ya 2009 na 1,155,574 mwaka 2019. Tulikadiria 3% kwa nyongeza na 3% kwa waajiriwa wapya, jumla 6% kwa mwaka. Matumizi mengine ya kila siku tuliyaacha yapande kwa 5%, ambayo ni katikati ya lengo la mfumuko wa bei la serikali, lile la kati ya 2.5% na 7.5%. Hakuna aliyeona makadirio hayo kuwa makali. Sista hata alisema tumewabana wauguzi.

Sasa tusukume. Tukichukua ule wastani mtamu wa 6.5%, mwaka wa kumi mapato ni shilingi 188, mishahara 63, matumizi mengine 57, na maendeleo yanabaki na 68, yaani 36%. Kila mtu ameshiba. Tukichukua ile 1.5% ya miaka ya kulala bila kuruka hata mara moja, mishahara inavunja kikomo cha 35% mwaka wa kwanza kabisa. Mwaka wa tano maendeleo yana 15% tu. Mwaka wa tisa yana shilingi moja isiyotimia. Mwaka wa kumi mishahara na dawa peke yake zinazidi mapato kwa karibu shilingi 4, na kaunti haina hata pesa ya kuziba shimo la barabarani.

Ukweli uko katikati, kwa kuwa ngazi zipo. Kwa hiyo tulijenga mwendo wa tatu: miaka mitatu ya 1.5%, kisha kuruka kwa 17% kama 2021/22, na kurudia hivyo. Tulichagua ile ngazi kubwa makusudi ili asije mtu akasema tumeitakia kaunti mabaya. Mwaka wa sifuri ni 2025/26, mapato yanaruka mwaka wa nne na wa nane, na mwaka wa kumi ni 2035/36, mwaka wa muuguzi wa Sista. Maendeleo yanashuka hadi 21% mwaka wa tatu, yanapanda hadi 29% mwaka wa nne, yanashuka tena hadi 20% mwaka wa saba, na yanamaliza mwaka wa kumi yakiwa na 22%. Mishahara ina 41%. Kikomo cha sheria kimevunjwa katika pande zote mbili, ingawa kaunti bado inapumua.

Niliona nyuso zikilegea. Nikaomba subira, kwa kuwa hesabu hiyo inadhani kwamba mwaka wa kuruka kila mtu anaketi na kuendelea kama kawaida. Je, ndivyo inavyokuwa?

Hapa ndipo kiini cha kisa chote. Mwaka pesa zinaporuka, maombi yote yaliyokuwa yamesubiri miaka mitatu yanaamka kwa pamoja. Walimu wa chekechea, ambao ni jukumu la kaunti, wanataka mikataba ya kudumu, na wana haki. Vibarua wa usafi wanataka kuandikwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanalipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu yake ikitoka kaunti. Wahudumu wa afya waliochukuliwa na serikali kuu kwa mikataba tangu 2020 wanahamishiwa kaunti pamoja na mishahara yao. Na hapa kwetu kuna mzigo ambao haujawahi kuonekana kwenye kitabu chochote cha bajeti: ukanda wa Ziwa, wenye maambukizi ya Virusi Vya Ukimwi yaliyo juu kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa miaka mingi umehudumiwa na wafanyakazi waliolipwa kwa misaada ya Marekani kupitia mpango ulioanza 2003. Januari 2025 misaada ikasimamishwa, na kufikia Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Sista aliwahi kufanya kazi na washauri na watu wa maabara waliolipwa kwa njia hiyo. "Wagonjwa hawakusimamishwa," alisema.

Basi tukaweka dhana moja zaidi: kila mwaka wa kuruka, nusu ya nyongeza ile ya mapato inaingia kwenye mishahara ya kudumu. Nusu tu, na nusu nyingine inabaki. Matokeo yalitunyamazisha. Mwaka wa nne maendeleo yana 22% badala ya 29%. Mwaka wa saba, 12%. Mwaka wa kumi maendeleo yana 6%, na mishahara 57%. Mapato ni yaleyale kabisa, shilingi 154 kwa kila 100 za leo. Kilichotofautisha 22% na 6% ni maamuzi ya miaka miwili, ule wa nne na ule wa nane.

Nililirudia hilo kwa sauti kwa kuwa lilinigusa mimi mwenyewe. Miaka yote tumekuwa tukilia na miaka ya njaa, tunaandamana mgao ukichelewa, tunalaumu Hazina. Kumbe hatima ya kaunti inaandikwa katika mwaka wa shibe. Pesa za kuruka huja mara moja, nazo huruka kwa sababu za kisiasa, lakini tunazifunga kwenye gharama inayopanda kila mwaka bila kusubiri ngazi nyingine. Na mwaka 2025/26, tuliokuwa tumeketi ndani yake, ulikuwa mwaka wa kuruka.

Mama mmoja wa kikundi, ambaye anauza magodoro karibu na soko la Kibuye, hakuwa amesema mengi hadi hapo. Aliuliza: "Hizo asilimia zikiisha, kaunti inakopa wapi?" Nikamweleza kwamba Katiba hairuhusu kaunti kukopa ila kwa dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti, na sheria inataka mkopo uwe wa maendeleo tu. "Basi hukopa kwangu," akasema. Akatusimulia kwamba aliwahi kupeleka magodoro ya wodi katika kaunti moja ya ukanda huu, akiwa na hati zote, na sasa ni mwaka wa tatu anazungushwa. Alichukua mkopo wa benki kununua mzigo ule. Benki haikumsubiri.

Maneno yake yalifafanua jambo ambalo nyaraka rasmi hulificha. Kwenye karatasi, bajeti ya kaunti haiwezi kuwa na nakisi. Lazima mapato na matumizi yalingane. Kwa hiyo nakisi hutafuta mlango mwingine. Mlango wa kawaida ni makadirio ya mapato ya ndani: ada za maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya ardhi, malipo ya hospitali. Mezani bajeti ikizidi, makadirio hayo yanapandishwa mpaka hesabu ilingane. Mwaka unaanza, zabuni zinatolewa kwa kutegemea pesa ambazo hakuna aliyewahi kuzikusanya, Juni inafika, na mwenye magodoro anabaki na karatasi. Deni hilo linakuwa la kwanza kulipwa kutoka bajeti inayofuata, au linastahili kuwa la kwanza. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha malimbikizo ya madeni ya kaunti zote pamoja yakizidi shilingi bilioni 150, na baadhi ya madeni, kama michango ya pensheni ambayo halmashauri za zamani hazikuwasilisha, yalirithiwa 2013. Kwangu mimi malimbikizo haya ndiyo kipimo cha kweli cha kama kaunti inaweza kujimudu. Ukitaka kujua afya yake, waulize waliowahi kuiuzia bidhaa.

Binti wa Maseno alitaka tujaribu dawa ya kukusanya zaidi. Tukasema kati ya shilingi 100, kumi ni za ndani, na kaunti ifanye kazi nzuri sana hadi zipande 10% kila mwaka kwa miaka 10. Katika ule mwendo wa kuajiri kwa nusu ya nyongeza, maendeleo yanapanda kutoka 6% hadi 12%. Ni mara mbili, na si haba, ila bado ni mbali na ile 22% ambayo kaunti ingeipata kwa kujizuia tu bila kukusanya hata senti zaidi. Na si kila shilingi ya ndani iko huru. Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya inaagiza pesa za hospitali zibaki hospitalini, jambo ambalo Sista alilipigania maisha yake yote, na kwa hiyo haziwezi kuziba mashimo ya idara nyingine. Kodi ya ardhi ndiyo naiona yenye nguvu ya muda mrefu, kwa kuwa kiwanja hakihami na thamani yake hukua pamoja na mji. Mtu atazame tu viwanja vya Nakuru tangu ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Sheria mpya ya 2024 ya ukadiriaji wa kodi hiyo imeondoa sheria mbili za zamani. Kazi iliyobaki ni ngumu na haina sifa jukwaani: kupima viwanja upya na kutuma bili zilizo sahihi. Mchuuzi wa sokoni, anayelipa ushuru wake kila siku kabla hajauza nyanya, tayari amefanya sehemu yake.

Niliwaeleza pia, kwa kifupi, jinsi jimbo la Utah nchini Marekani linavyofanya. Wachambuzi wa bunge lao huipima bajeti kama daktari anavyompima mtu kwa kumkimbiza: wanakadiria mdororo wa uchumi, wanahesabu mapato yatakayopotea, kisha wanalinganisha na akiba iliyowekwa. Majimbo mengi huko yana mfuko wa akiba kwa ajili ya miaka mibaya. Kaunti zetu zinaruhusiwa mfuko wa dharura usiozidi 2% ya mapato yaliyokaguliwa, nao ni kwa mikasa kama mafuriko, ambayo watu wa Nyando na wa ufukwe wa Dunga wanaijua vizuri kuliko mimi. Mfuko wa miaka ya kulala hatuna.

Kuna njia moja ya kuisoma hesabu hii ambayo naikataa waziwazi: kwamba tusiajiri. Tulibishana sana juu ya hilo. Mwalimu aliogopa kwamba karatasi yetu ingefika mikononi mwa mtu akaitumia kuwanyima wauguzi kazi huku ofisi zikiendelea kujaa makarani na wasaidizi wa wakubwa. Ana haki ya kuogopa. Asilimia ya mishahara haisemi nani analipwa. Zahanati yenye muuguzi na isiyo na jengo jipya inazalisha watoto salama. Jengo jipya lisilo na muuguzi hugeuka kuwa stoo. Kwa hiyo tuliandika kwamba nafasi mpya za kudumu zianze na zile zinazomgusa mwananchi, na idadi ya wote itajwe wazi kwa kila idara.

Tulipofika kwenye kuandika maoni yenyewe, mambo yalikwenda haraka. Tuliomba kwamba katika mwaka wa kuruka, isizidi robo ya nyongeza iingie kwenye mishahara mipya, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilipe malimbikizo na kumalizia majengo yaliyokwama. Nilijaribu robo kwenye shilingi zetu 100: mwaka wa kumi maendeleo yana 14%. Haifiki 30% ya sheria, na tuliliandika hilo bila kulificha. Tuliomba makadirio ya mapato ya ndani yafuate kilichokusanywa kweli mwaka uliopita, na ongezeko lolote lielezwe linatoka wapi. Na tuliomba kila mradi wa jengo uje na ukurasa mmoja unaoonyesha gharama zake za miaka 10: watu, dawa, umeme, maji, paa litakapoanza kuvuja.

Wodi ya kujifungulia? Ilibaki kwenye orodha, ila haikubaki ilivyokuwa. Sista alipendekeza tuanze na wauguzi wawili wa usiku na kukipanua chumba kilichopo, na jengo kubwa lifuate baada ya nafasi hizo mbili kuonekana kwenye orodha ya mishahara. Kijana wa boda hakufurahi. Alisema mwakilishi wadi anapenda kitu cha kukatia utepe, na tukiomba wauguzi hatutapata kimoja wala kingine. Tulipiga kura. Saba dhidi ya wanne.

Karatasi ilipelekwa ofisi ya wadi kabla ya mwisho wa Februari, ikiwa na mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Ile manila ya ngazi bado imebandikwa ukutani kwenye ukumbi wa kanisa. Ifikapo tarehe 30 Septemba kaunti hupaswa kuwa imetayarisha taarifa ya mapitio ya bajeti ya mwaka uliokwisha, na tumekubaliana kukutana Jumamosi inayofuata tukiwa na tarakimu moja tu ya kuitafuta humo: mishahara ilikula kiasi gani cha nyongeza ya mwaka huu. Sista ameinukuu hesabu yote kwenye daftari lake la mistari na kuacha safu wazi upande wa kulia, mwaka kwa mwaka hadi 2035/36, ili tuijaze.